"Meno ya Plastiki" na Mtoto Anayeharisha

Mzazi anapoleta kliniki mtoto wa miezi 5 anayeharisha na kuchemka mwili, mara nyingi swali lake la kwanza ni iwapo mtoto ameota "meno ya plastiki", yaani uvimbe kwenye ufizi ambao wengi huamini ndio unaosababisha homa na kuharisha, na kwamba mtoto hatapona usipong'olewa. Swali hilo halifai kubezwa, kwa kuwa uvimbe anaouona upo kweli. Ni chonge za utotoni zinazoendelea kukua ndani ya ufizi, ambazo kwa kawaida huchomoza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 20, na kila mtoto anazo, awe mzima au mgonjwa.

Kuzing'oa kwa wembe au kitu chenye ncha humtoa damu mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji, hupitisha vijidudu, vikiwemo vya pepopunda, na huweza kuharibu meno ya kudumu yaliyo chini yake. Wapo wanaopata nafuu baada ya kung'olewa, na hapo ndipo imani hii inapojipatia mashahidi. Lakini kuharisha kunakotokana na virusi, kama vile vya rota, aghalabu huisha kwenyewe baada ya siku chache, meno yang'olewe yasing'olewe.

Kinachoua ni upungufu wa maji. Changanya pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake (nyingi ni za lita 1), bila kuongeza sukari wala chumvi, kisha umnyweshe mtoto kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 na uendelee taratibu zaidi. Yatakayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pamoja na hayo atapewa zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 10 kwa siku akiwa chini ya miezi 6 na miligramu 20 akishafikisha umri huo. Wazazi wengi huiacha mara tu choo kinapokuwa kizito, ilhali dozi kamili ndiyo inayopunguza uwezekano wa kuharisha tena katika miezi 2 au 3 inayofuata. Kunyonyesha kusisimamishwe, hata kama bibi anasisitiza kwamba maziwa ya mama yamechacha.

Mtoto mwenye macho yaliyodidimia, anayelegea, anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila anachopewa, mwenye degedege au damu kwenye choo, au ambaye ngozi ya tumbo lake ikifinywa hurudi polepole, apelekwe kituo cha afya mara moja huku akinyweshwa ORS njiani ikiwa anaweza kumeza. Aliye chini ya miezi 2 mwenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi asisubiri dalili nyingine yoyote.