Mkono Hauzuii Rangi Kupauka

“Hizi zimesagwa kwa mkono, ni za asili, kwa hiyo hazipauki.” Nimeambiwa hivyo tena juzi kuhusu rangi za maji, safari hii na mtu anayechora vizuri kuliko mimi, na nimechoka kujibu kwa vijiujumbe. Mimi mwenyewe nasaga rangi za maji. Kuna ninazozisaga ambazo nazipenda kuliko chochote kinachotoka kiwandani, kwa hiyo asinione mtu kama adui wa wasagaji. Ninachokataa ni kuyafunga pamoja mambo matatu yasiyohusiana kana kwamba moja linazaa jingine.

Kinachoamua kama rangi itapauka ni pigimenti iliyomo, yaani unga unaoipa rangi yake. Gundi na karatasi zina mchango wake, lakini mdogo. Chukua udongo wa manjano, ambao msimbo wake wa kimataifa wa pigimenti ni PY43. Ile ni oksidi ya chuma iliyoshika maji. Kwa maneno mengine ni kutu. Imeharibika kiasi cha kuharibika na imemaliza, jua halina tena la kuifanya. Isage kwa mkono, isage kwa mtambo, ipake hata na mtoto, itabaki vilevile. Sasa chukua bizari ya manjano, ambayo nayo ina msimbo wake, NY3. Ni ya asili kabisa, inasagika kwa raha, inang’aa mpaka unatabasamu. Ibandike dirishani penye jua na baada ya wiki chache unabaki na karatasi yenye kumbukumbu ya njano. Rangi za maua mekundu na ya zambarau ni mbaya zaidi, maana zile hubadilika hata kwa asidi iliyomo kwenye karatasi kabla jua halijazifikia. Msagaji angekesha juu ya bamba lake la kusagia, asingebadilisha hata chembe ya hayo.

Halafu kuna hili la asili dhidi ya maabara. Carl Graebe na Carl Liebermann walitengeneza alizarini, rangi nyekundu, maabara mwaka 1868. Kabla ya hapo ilitoka kwenye mizizi ya mmea uitwao kwa Kiingereza madder. Molekuli ni ileile, na udhaifu wake mbele ya mwanga ni uleule. PR83 ya leo inajulikana kwa kupauka, na ya mizizi, NR9, nayo hupauka. Upande wa pili, ultramarini. Ya asili hutoka kwenye jiwe la lapis lazuli, lililo maarufu zaidi likichimbwa Badakhshan, Afghanistan. Ya kutengenezwa, PB29, ilimpa Mfaransa Jean-Baptiste Guimet zawadi mwaka 1828. Kinacholeta ubluu ni kitu kimoja. Zote mbili husimama vizuri mbele ya mwanga, na zote mbili huuawa na asidi. Tofauti unayoiona ni kwamba ya jiwe huja na kalsiti na vikorokoro vingine, kwa hiyo huwa na ukijivu kidogo na chembe zake hazilingani. Kuna wanaoupenda ukijivu huo, mimi mmojawapo. Lakini tusiseme unadumu zaidi.

Na anayeniambia kwamba “wachoraji wa zamani walitumia za mkono na kazi zao zipo mpaka leo”, namwomba akumbuke ripoti ya wanasayansi Russell na Abney, Uingereza, mwaka 1888. Waliziweka rangi za maji za enzi zao kwenye mwanga wa jua, nyingine zikiwa kwenye hewa ya kawaida, nyingine kwenye mirija iliyotolewa hewa. Zilizokuwa na hewa na unyevu, nyingi zilipauka, ikiwemo karmini, nyekundu itokanayo na wadudu. Zilizonyimwa hewa, nyingi zilinusurika. Kazi za zamani tunazoziona leo zinapendeza kwa sababu ama mchoraji alichagua udongo na madini, ama kazi ilifungiwa kwenye makabrasha gizani. Zilizopauka hazitundikwi ukutani ili tuzionee huruma.

Kuhusu usalama nitapita haraka kwa sababu sipendi kurudia. Sinaba, jiwe jekundu, ni ya asili na ni zebaki na salfa. Opimenti, jiwe la njano, ni ya asili na ni aseniki. Udongo wa kahawia iliyokolea una manganizi. Udongo mwingi una silika, na vumbi la silika si la kuchezea. Ukisaga, vaa barakoa inayofaa vumbi, usilambe brashi, na kitambaa cha kufutia kiwe kibichi. Basi.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa: imani kwamba kusaga kwa mkono ni bora kwa sababu ni kwa mkono.

Watu hudhani kisagio cha kioo kinavunja chembe za pigimenti ziwe ndogo zaidi. Kwa unga wa kisasa karibu hakifanyi hivyo. Unga unafika kwako ukiwa umeshafikia ukubwa wake. Kinachofanyika juu ya bamba ni kuyatenganisha madonge na kuhakikisha kila chembe imezungukwa na gundi. Kwa baadhi ya pigimenti hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwa nyingine ni vita. Chukua bluu ya fthalo, PB15, pigimenti kali ya maabara. Chembe zake ni ndogo kuliko maikroni moja na hazipendi maji. Mwaga unga huo kwenye gundi uone: unaelea juu, unakataa, unaruka ukipuliza pumzi. Unatia matone ya pombe ili ukubali kulowa, unazungusha kisagio, unakusanya kwa kisu, unazungusha tena. Unapodhani umemaliza, weka tone kwenye maji mengi na ulisambaze kwenye karatasi nyeupe. Utaona vidoa vidogo vyeusi kama vya kalamu, kila kimoja na mkia wake wa bluu. Hayo ni madonge yaliyokushinda.

Mtambo wa kiwandani wenye roli tatu, kila moja ikizunguka kwa mwendo wake, huyamaliza madonge hayo. Mimi na mkono wangu huwa tunakaribia tu. Kwa hiyo kwa fthalo, kwa kwinakridoni kama PR122, na kwa jamii yote ya pigimenti za kikaboni zenye nguvu, sioni sababu ya kununua za mkono. Unalipia jasho la mtu kupata kitu ambacho roli hufanya vizuri zaidi. Nasema hivi nikijua kuna wasagaji wachache wenye subira ya ajabu ambao fthalo yao ni safi kabisa. Heko kwao. Bado haishindi ya kiwandani, inalingana nayo tu.

Upande wa udongo na madini mambo yanageuka. Hapa chembe ni kubwa, na ukubwa huo ndio uzuri wenyewe. Azuriti, jiwe la bluu, ndiyo mwalimu mkali kuliko wote: ikiwa na chembe nene ni bluu nzito, na kadiri unavyoisaga ndivyo inavyopauka mkononi mwako, mpaka unabaki na kitu cha samawati iliyofifia kisichofaa hata anga la asubuhi. Kwa hiyo “imesagwa kwa saa nyingi” kwenye lebo ya azuriti si sifa, ni onyo. Malakiti, jiwe la kijani, vivyo hivyo. Udongo wa kahawia, PBr7, hausumbui kiasi hicho, lakini nao ukiachwa na chembe zake zisizolingana hufanya jambo ambalo kiwanda hulikwepa kwa makusudi. Ukiupaka kwa maji mengi kwenye karatasi yenye mabonde, chembe nzito huzama kwenye vishimo, nyepesi huelea na kusogea na maji, na rangi ikikauka unapata ngozi ya jiwe bila wewe kuichora. Kiwanda hakiwezi kuuza hivyo kirahisi, kwa sababu mteja wake anataka tyubu ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana. Msagaji hana deni hilo. Hapo, na hapo hasa, ndipo za mkono zinastahili pesa yako.

Ila pawe na gundi ya kutosha! Hili la “haina kijazio (unga wa bei nafuu wa kuongezea), ni pigimenti tupu” linauza sana na linaharibu kazi za watu. Pigimenti tupu ni vumbi. Gundi ya mgunga, ile itokayo kwenye *Acacia senegal* ambayo Sudani imekuwa ikiiuza duniani kuliko nchi yoyote, ndiyo inayoishikilia karatasini. Pigimenti ikizidi, rangi inapendeza ikiwa mbichi, na ikikauka inaachia. Jaribio lake ni jepesi: paka tabaka zito kiasi, liache likauke kabisa, kisha pitisha kidole kikavu bila kukandamiza. Kidole kikitoka na rangi, gundi haitoshi, na ukipaka tabaka la pili la chini litanyanyuka na kuchafuka. Gundi ikizidi nayo utaijua: rangi inang’aa kama imepakwa varnishi, inakuwa ngumu kulowa upya, na ndani ya pani, yaani kisanduku kidogo cha rangi kavu, inapasuka na kubanduka vipande vipande. Nimeshaona wauzaji wakiuita mpasuko huo dalili ya uhalisi. Jamani.

Na vijazio vyenyewe si dhambi kila mara. Kwenye rangi za wanafunzi vinatumika kupunguza gharama, hilo kweli na linaudhi. Lakini fthalo isiyotulizwa na chochote inaweza kumeza kila rangi nyingine kwenye kibao chako, na wapo watengenezaji wakubwa wanaoitia kitu kidogo ili itumike na binadamu. Ukiniuliza kama hilo ni udanganyifu, nitasema inategemea kama wameandika.

Asali ambayo wasagaji huitia kwenye gundi, sasa. Inavuta unyevu kutoka hewani, ndiyo maana rangi yenye asali hulowa upya kwa mguso mmoja wa brashi. Inavuta unyevu haijali umeiweka wapi, kwa hiyo kwenye hewa nzito pani haikauki, inanata kwenye kifuniko, na ukungu unaweza kuota juu yake. Mafuta ya karafuu husaidia kuzuia ukungu, si milele. Gliserini hufanya kazi ya asali bila hadithi nzuri ya nyuki. Sina upande hapa, ingawa natumia asali kwa sababu nimeizoea mkononi.

Hapa nikiri mambo ambayo vitabu huyapita. Kwanza, jaribio la dirishani ambalo sisi wasagaji tunalipenda, yaani nusu ya rangi kufunikwa na nusu kuachwa juani, halilingani na vipimo vya ASTM, shirika linaloweka viwango vya majaribio. Kioo cha dirisha huchuja sehemu ya mionzi, misimu hutofautiana, unyevu hutofautiana. Linaniambia rangi gani ni mbovu. Haliniambii nzuri itadumu miaka mingapi, na msagaji anayekuahidi miaka mia kwa kutegemea dirisha lake anakubahatishia. Pili, kuna mafungu ya rangi ambayo yalipasuka kwenye pani na mengine hayakupasuka, kwa vipimo vilevile vya gundi na asali, na maelezo yangu yote kuhusu hilo ni ya kukisia. Gundi ya miti hubadilika, pengine ndiyo hiyo. Tatu, sina hakika kwamba ningewekewa michoro miwili iliyomalizika, mmoja wa udongo wa kiwandani mzuri na mmoja wa mkono, ningeutambua wa mkono kila mara. Kwenye kipande cha majaribio naona tofauti mara moja. Kwenye mchoro wenye tabaka tano na mvua iliyochorwa juu yake, sijui. Sehemu ya raha ninayoipata pengine iko kwenye kujua nilichosaga.

Mika naiogopa kuliko vyote. Zile pani zinazometameta zenye majina ya sayari zinapendeza kwenye video, na kinachometa ni mika, madini safi. Rangi iliyopakwa juu ya mika ndiyo swali. Unga mwingi wa mika wenye rangi unatengenezwa kwa ajili ya sabuni, vipodozi na mapambo, na baadhi yake hupata rangi kutokana na karmini au rangi nyingine zisizosimama mbele ya mwanga. Kwa kadi ya siku ya kuzaliwa, furahia. Kwa kazi utakayoiuza, muulize muuzaji ni nini hasa kimeipa rangi.

Kwa hiyo unapotaka kununua, tafuta msimbo kwanza. PB29, PBr7, PY43, PR101, chochote, mradi umeandikwa. Lebo ikiwa na jina tamu tu bila msimbo, uliza. Muuzaji akishindwa kujibu, sitaweka rangi hiyo kwenye karatasi nzuri hata kama pani imechongwa kwa kombe la baharini. Anza na pani moja ya udongo au ya ultramarini ya jiwe, si seti nzima. Fanya jaribio la kidole. Kata kipande cha karatasi, funika nusu, kibandike dirishani na uandike tarehe kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu nao hupauka. Na kama ina asali, iache pani wazi mpaka ikauke kabla ya kufunga kisanduku.