Usuluhishi si kikao cha kupatana

Mwezi uliopita aliingia ofisini kwangu, hapa Mtwara mjini, mzee mmoja anayefanya biashara ya korosho. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi, akatoa kwenye mfuko wa rambo bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na notisi ya usuluhishi ya kurasa nne kutoka kwa mnunuzi wake wa nje, inamtaka ateue msuluhishi wa upande wake. Nikatazama tarehe. Notisi ilikuwa imefikisha siku 41.

"Mzee wangu, hii umekaa nayo muda wote huu?"

"Mwanangu, si wameandika usuluhishi? Nikajua watakuja tukae, tuyazungumze. Mimi sina ugomvi na mtu."

Huyu ni wa tatu mwaka huu. Wa kwanza alikuwa kijana wa ufuta kutoka Lindi, wa pili kiongozi wa chama cha msingi, na wote watatu walisema maneno yaleyale. Ndiyo maana leo naandika.

Mkataba wa mzee ulisema mgogoro utaamuliwa kwa usuluhishi, makao yake London, kila upande uteue msuluhishi mmoja. Basi inayotumika ni Sheria ya Usuluhishi ya Uingereza ya mwaka 1996. Kama mkataba haukuweka muda mwingine, ukishaombwa una siku 14 za kuteua. Ukinyamaza, mwenzako aliyekwisha kuteua anakupa notisi ya pili ya siku 7 kamili, na zikipita bila jibu anaweza kumfanya msuluhishi wake awe msuluhishi pekee. Yaani mtu aliyechaguliwa na mwenzako ndiye anayekuwa hakimu wenu nyote wawili, na atakachoandika kinakufunga kana kwamba mlimchagua pamoja. Notisi ya pili tuliikuta kwenye barua pepe, katika simu ya mtoto wake, haijafunguliwa. Mahakama ya kule inaweza kutengua uteuzi wa namna hiyo, lakini ukaombe London, kwa wakili wa London, kwa pauni.

Simlaumu mzee. Nalilaumu neno. Mtu wa Mtwara akisikia "suluhu" anawaza mpira: timu zimetoka suluhu, hakuna aliyefungwa. Akisikia "kusuluhisha" anawaza wazee wa ukoo wamekaa mkekani chini ya mkorosho, kila mmoja anaambiwa ashushe kidogo, na mwisho watu wanapeana mikono. Tena sheria zetu zenyewe zimeongeza mkanganyiko. Kwenye kesi za kazi tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na pale usuluhishi ndio kupatanishwa: ukishindikana ndipo mnakwenda kwenye uamuzi. Lakini ukifungua Sheria ya Usuluhishi, ile mpya ya mwaka 2020 iliyofuta ya mwaka 1931, usuluhishi ndio huo uamuzi wenyewe! Neno moja, sheria mbili, kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Mtu aliyewahi kupeleka madai ya mshahara kwenye Tume, akakataa pendekezo la msuluhishi na asipate madhara yoyote, anakuja kwenye mkataba wa korosho akiamini anaweza kukataa tena. Hawezi. Hiari yake ilikuwa siku ile alipotia saini.

Na kana kwamba hilo halitoshi, uamuzi wa msuluhishi tunauita "tuzo". Kijana wa ufuta nilipomwambia kwamba tuzo imeshatoka, uso wake ulikunjuka. Ilinibidi nimweleze polepole kwamba tuzo ile inamtaka alipe.

Nimejaribu maneno mengine. "Uamuzi" peke yake watu wanadhani ni mahakama. "Upatanishi" ndilo neno zuri la kile kikao cha mkekani, ila halijashika. Siku hizi namwambia mteja hivi: msuluhishi ni hakimu mliyemchagua wenyewe na mnayemlipa wenyewe. Si tafsiri ya kitaalamu, lakini inamfanya mtu asogeze kiti.

Wengine huniambia, "Lakini Ntaka Hill walikaa wakaelewana." Kweli, ila tazama mpangilio wa mambo. Mradi wa nikeli wa Ntaka Hill uko Nachingwea, hapo jirani. Mabadiliko ya sheria ya madini ya mwaka 2017 yalifuta leseni za kuhodhi maeneo, na kampuni zilizokuwa na mradi zikaishtaki serikali ICSID, kituo cha Benki ya Dunia cha migogoro ya uwekezaji kilichoko Washington, kwa kutumia mkataba wa uwekezaji wa Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994. Julai 2023 ikatoka tuzo ya zaidi ya dola milioni 109, riba ikiwamo. Serikali ikaomba tuzo ibatilishwe. Julai 2024, ombi hilo likiwa bado halijaamuliwa, pande mbili zikakubaliana dola milioni 90. Hayo ya 2024 ndiyo mapatano. Yalikuja baada ya hakimu kusema, kila upande ukiwa umeshapima unachoweza kupoteza. Asiyefika kwenye usuluhishi hafiki mezani akiwa na kitu cha kupatania.

Wapo pia wanaouliza kama kesi yao inaweza kwenda The Hague. Kwa ufupi: Mahakama ya Kimataifa ya Haki inasikiliza kesi kati ya nchi na nchi. Gunia lako la korosho haliendi kule.

Kuhusu rufaa: karibu haipo. London unaweza kukata kwa hoja ya sheria ya Uingereza, kwa masharti magumu, kama mkataba haukufuta haki hiyo, na siku ni 28. Kwamba msuluhishi aliwaamini mashahidi wa mwenzako si hoja.

Na usidhani tuzo ya London inaishia London. Tanzania iliingia tangu mwaka 1964 kwenye Mkataba wa New York wa 1958, unaozitaka nchi wanachama kutambua na kutekeleza tuzo za nje. Tuzo inaletwa Mahakama Kuu, na jaji hapimi ushahidi upya. Sababu za kuikataa ni chache, mojawapo ni kwamba hukuarifiwa. Aliyepokea notisi akaiweka chini ya godoro hana sababu hiyo.

Yapo yanayonisumbua, nami siyafichi. Msuluhishi uliyemteua anatakiwa asielemee kwako, lakini kila wakili anapoteua anatafuta mtu atakayemwelewa. Mstari kati ya kuelewa na kuelemea sijawahi kuuona vizuri. Hesabu ya hasara nayo: katika kesi ya maji ya Dar es Salaam, tuzo ya Julai 2008 ilisema serikali ilikiuka wajibu wake kwa mwekezaji, na bado haikuamuru fidia hata senti. Nimeisoma zaidi ya mara moja, na kila mara nabaki najiuliza mdai alishinda nini. Halafu gharama. Mgogoro wa kontena mbili ukiupeleka London, ada inakula kiini na ganda. Zipo siku namwambia mteja mwenye haki kabisa apatane mapema, na usiku ule silali vizuri.

Wanafunzi wa sheria wanaokuja kwangu kwa mafunzo huuliza wasome nini ili wafike kwenye kazi hii. Nawapa mkataba mmoja wa korosho, wasome ukurasa wa mwisho kwanza. Kisha wajifunze inavyopimwa KOR, yaani uzito wa kiini kinachopatikana katika gunia la kilo 80, maana wakili asiyeijua atamuuliza nini mkaguzi?

Huko ndiko mgogoro wa mzee ulikolala. Mnunuzi anasema mzigo ulifika bandari ya Tuticorin, India, ukiwa na unyevu na KOR imeshuka. Mzee anasema ulitoka bandari ya Mtwara ukiwa mkavu. Nilimuuliza kama alibakiza sampuli. Akarudi kesho yake na kifuko cha kilo mbili, lakiri haijaguswa, karatasi ya ndani ina saini ya mkaguzi wa mnunuzi mwenyewe.

Tumemwandikia yule msuluhishi, na ametupa siku 21 za kuleta utetezi. Mzee anakuja kila Jumanne na mwanawe, simu mkononi, tunafungua barua pepe moja baada ya nyingine kuanzia ile ya kwanza.