Chura wa Grimm: alibamizwa ukutani au alilazwa kwenye mto wa kitandani?

Nikifundisha ngano za ndugu wa Kijerumani akina Grimm, tukifika ile ya mfalme chura swali halikosi: mbona lile busu la binti mfalme linalomgeuza chura kuwa mwanamfalme silioni? Hulioni kwa sababu halipo, sio kwenye Kijerumani cha Grimm wala kwenye tafsiri mbili za Kiingereza ninazotaka kuzisema hapa, busu limekuja baadaye huko. Ila kilichokuwepo kabla ya busu ni kitamu zaidi.

Jacob na Wilhelm Grimm walitoa juzuu ya kwanza Berlin mwaka 1812, na stori ya mfalme chura ndio namba moja. Mpira wa dhahabu wa binti mfalme unatumbukia kisimani, chura anautoa kwa masharti, wale sahani moja na walale kitanda kimoja, binti anaitikia kwa mdomo tu halafu huyo anatimua mbio. Kesho yake chura anagonga mlango, baba mtu anakomaa kwamba ulichoahidi utimize, binti anakula naye huku kinyaa kimemjaa, wanafika chumbani chura anataka kitandani na anatishia kwenda kumsemea kwa baba, basi hapo binti anamkamata anambamiza ukutani kwa nguvu zote. Anapodondoka sio chura tena. Yaani uchawi unavunjika siku binti amekataa!

Sasa njoo London 1823. Edgar Taylor, mwanasheria, anatoa tafsiri ya kwanza ya Kiingereza iliyovuma, tena bila jina lake kwenye kitabu, michoro ya George Cruikshank. Kwake ukuta hakuna. Chura analala kwenye mto wa binti usiku wa kwanza, wa pili, wa tatu, na asubuhi ya mwisho binti anaamka anakuta mwanamfalme kasimama anamtazama. Watu wanamlaumu Taylor eti kaichakachua, mimi naona wanamwonea, maana hizo siku tatu zimo kwa Grimm wenyewe, juzuu ya pili ya 1815 ilikuwa na chura mwingine anayelala kitandani kwa binti usiku tatu, baadaye wakamtoa kitabuni. Taylor kachanganya stori mbili, jambo ambalo msimulizi yeyote analifanya kila siku. Ninachobishana naye ni matokeo: msichana aliyekataa kageuka msichana anayezawadiwa kwa kuvumilia, na hiyo ni stori nyingine kabisa.

Na Wilhelm naye tusimwache, toleo baada ya toleo alikuwa analainisha. Mwaka 1812 chura anadondokea kitandani akiwa kijana mzuri na wanalala zao usingizi, ila ukifungua toleo la 1857 unakuta kwanza anakuwa mume wake kwa idhini ya baba, ndio walale. Kitabu cha Taylor kiliuzika vizuri Uingereza, na akina Grimm walipoona hivyo wakatoa 1825 toleo dogo la ngano 50 la watoto, michoro ya ndugu yao Ludwig Emil. Kwa hiyo tafsiri ilirudi ikausukuma mkono wa wenye kitabu, kitu ambacho wanafunzi wangu huwa hawakitegemei.

Ukitaka ukuta kwa Kiingereza soma tafsiri ya Margaret Hunt, 1884. Kiingereza chake kizito kidogo lakini haruki kitu. Ana hata vile vyuma vitatu ambavyo Heinrich, mtumishi wa mwanamfalme, alifungwa moyoni usije ukapasuka kwa huzuni bwana wake alipogeuzwa chura, vinakatika kimoja kimoja njiani na mwanamfalme anadhani gari la farasi ndio linavunjika. Taylor kambakiza Heinrich na huzuni yake, vyuma katupa, na hilo ndio siwezi kumsamehe.

Tafsiri zote mbili, ya Taylor na ya Hunt, zipo bure Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni, ila ile inayosambazwa sana ni yenye majina ya Taylor na mtafsiri mwingine, Marian Edwardes. Kama hujui umeshika ipi, nenda mwisho wa stori: vyuma vikikatika, una Hunt.