Ruta yenye njia mbili hupita ipi?

Mwezi Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam–Lindi ilikatika upande wa Somanga, Kilwa. Wenye safari ya Mtwara wakalazimika kuzungukia Songea, Tunduru na Masasi. Tarehe 12 ya mwezi huohuo mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom nayo ikapata hitilafu, intaneti ikazorota nchini. Wasafiri walipashana habari kwa simu. Ruta nazo, yaani vifaa vinavyoelekeza data kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, hupashana habari za njia, kisha kila moja huamua kivyake.

Wengi hudhani ruta hutafuta njia fupi tu. Sivyo. Kwanza hutazama anwani iliyotajwa kwa undani zaidi. Namba baada ya mkwaju ikiwa kubwa, kundi la anwani ni dogo na limetajwa kwa undani zaidi. Ikiwa na njia ya 10.20.0.0/16 na nyingine ya 10.20.5.0/24, pakiti (kifurushi cha data) ya kwenda 10.20.5.9 itapita ile ya /24, hata kama ndiyo ya polepole. Zikilingana hapo, huuliza habari imetoka kwa nani. Katika ruta za kampuni ya Cisco, njia iliyoandikwa na fundi kwa mkono ina namba 1, ya OSPF 110, ya RIP 120; OSPF na RIP ni taratibu ambazo ruta hutumia kupashana habari za njia. Namba ndogo ndiyo inayoaminiwa.

Gharama huja mwisho. RIP huhesabu ruta za kupitia, mwisho 15. Ni sawa na kwenda Masasi ukihesabu vituo bila kuuliza lami imeishia wapi. OSPF huipa kila kipande gharama, kwa kawaida kulingana na kasi yake iliyosajiliwa, kisha hujumlisha. Gharama zikiwa sawa, mzigo hugawanywa, lakini pakiti za mazungumzo mamoja kwa kawaida hushikizwa njia moja zisifike zimepanguka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, maana naliona mara kwa mara. Ofisi moja hapa mjini ililipia faiba, na redio ya mnarani kama akiba. Faiba ikakatwa na wachimba mtaro mbali na mji, watu wakakaa nusu siku bila mtandao huku akiba ipo. Nilipofika, taa ya faiba kwenye ruta ilikuwa kijani. Waya kutoka ruta hadi kifaa cha jirani, yaani kile kinachofuata njiani, ulikuwa mzima, basi ruta ikaendelea kumwaga pakiti kwenye njia iliyokufa mbele. Tulichofanya ni kuiagiza ipige hodi kila baada ya sekunde chache kwenye anwani ya mbali, nje ya mkoa. Isipoitikiwa mara tatu, iifute njia ile na kuhamia ya mnarani.

Ukiwa na njia mbili, muulize mtoa huduma kama hazikutani kwenye mtaro mmoja au mnara mmoja mbele ya safari. Kisha mwombe fundi azibe njia makusudi upande wa pili wa kifaa cha jirani, siyo kuchomoa waya wa ofisini tu, na mhesabu sekunde hadi ukurasa ufunguke.