Filta ya hewa haipulizwi kila asubuhi, jamani

Haipiti muda mrefu bila mtu kunitumia picha ya filta ya hewa ya loda ndogo (skid steer, ile mashine fupi yenye baketi mbele) imelazwa juu ya tairi, pembeni kompresa, na chini yake maneno ya kujisifu: "Mimi mashine yangu naitunza, filta napuliza kila siku kabla ya kazi." Anasubiri nimpongeze. Ndugu yangu, injini unaiua, tena unaiua kwa bidii.

Najua imani hii inatoka wapi. Vumbi ni adui, filta imejaa vumbi, basi tulitoe. Inaingia akilini kabisa. Ila filta ya karatasi haifanyi kazi hivyo. Ikiwa mpya inapitisha chembe nyingi zaidi kuliko ikishatumika kidogo, kwa sababu ule utando wa vumbi unaojijenga juu ya karatasi nao unachuja: unapunguza mianya na kunasa chembe ndogo ambazo karatasi peke yake ingeziachia zipite. Ukiutimua utando huo kila asubuhi, kila asubuhi unaianzisha injini siku yake na uchujaji ule dhaifu kuliko wote. Halafu unashangaa kwa nini inakula oili kabla haijazeeka.

Wengine hawajawahi kupiga hesabu ya hewa inayopita pale. Chukua injini ya lita 2.4 isiyo na turbo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada), inazunguka mara 2,500 kwa dakika. Injini ya mipigo minne inajaza silinda zake mara moja kwa kila mizunguko miwili, kwa hiyo inanyonya karibu lita 3,000 za hewa kwa dakika, yaani mita za ujazo 180 kwa saa. Ikiwa na turbo, zaidi. Na hewa yenyewe ni ipi? Injini ya loda hizi imekaa nyuma, karibu na ardhi. Mashine inageuka papo hapo kwa kuburuza tairi, inarudi nyuma, inaingia kwenye wingu la vumbi ililolitimua yenyewe. Tangu mwaka 1957, Louis na Cyril Keller walipounda loda yao ya kwanza huko Minnesota, Marekani, ili kuondoa kinyesi kwenye banda la bata mzinga, hii haijawahi kuwa mashine ya mahali pasafi.

Sasa njoo kwenye kompresa. Ya gereji inatoa shinikizo la baa 7 au 8. Kasha lina filta mbili, ya nje na ya ndani; vipo vitabu vya mashine vinavyoruhusu kupuliza ile ya nje, sitaki kudanganya mtu. Vingi vya namna hiyo vinataka shinikizo la baa 2 hivi, upepo utokee ndani kwenda nje, bomba lisiguse karatasi, na idadi ya mara iwe na kikomo. Vingine vinakataza kabisa. Mimi bado sijaona opareta anayeshusha shinikizo la kompresa hadi baa 2 kwa ajili ya filta. Anashika bunduki ile ile ya kupulizia tairi, anaisogeza hadi inagusa mikunjo, vumbi linaruka, roho yake inatulia.

Karatasi inapata tundu. Utasema uliimulika na tochi hukuona kitu. Tochi inaonyesha mpasuko, sawa, lakini chembe zinazosaga ringi za pistoni na laina, yaani kuta za silinda, ni zile za maikroni 5 hadi 20 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na jicho tupu linaanza kuona kitu kwenye maikroni 40 hivi. Nyuzi za karatasi zikishalegea na kuachana, hutaona chochote. Utakuja kuona moshi kwenye bomba la kupumulia la injini.

Kinachonikera zaidi ni kwamba ushahidi unajificha. Kile kiashiria kwenye kasha la filta, au taa yake kwenye dashibodi, kinapima kitu kimoja tu: ugumu wa hewa kupita. Filta ikiziba, mvuto nyuma yake unaongezeka, na ukifika kama kilopaskali 6 kiashiria kinaingia kwenye nyekundu. Filta yenye matundu inaachia hewa ipite kirahisi, kwa hiyo kiashiria kinabaki kijani siku nzima. Mpulizaji anakitazama, anatabasamu, ananiandikia: "Unaona? Tangu nianze kupuliza haijawahi kwenda nyekundu." Haiwezi kwenda, mzee wangu. Ndiyo maana siku hizi kijani cha muda mrefu sana mahali penye vumbi kinanitia wasiwasi kuliko nyekundu.

Na hapa niseme jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Kitabu kinakwambia fuata kiashiria. Kiashiria chenyewe kinaweza kuwa kimekufa. Kinakwama, kinaziba uchafu kwenye kitundu chake, au kile kipira chake kinapasuka na kukiacha kijani milele. Vile vya kusokota unavifungua, unavifuta vizuri, unavuta pumzi kwa mdomo upande wa uzi: mstari ukipanda, kiko hai. Ukibonyeza kitufe chake kinarudi chini. Kikikataa, badilisha; ni kidude kidogo na kimeshikilia uamuzi mkubwa.

Kwa hiyo asubuhi usiguse filta? Usiguse. Kufungua kasha kila siku ni sawa na kufungua bendeji kila saa kuangalia kama kidonda kimepona. Kila ukiivuta ile filta, vumbi lililokaa kwenye mdomo wa sili, ile raba ya kuziba pembeni, linadondoka upande msafi. Asubuhi minya ile midomo ya raba iliyo chini ya kasha, ile ya kutemea vumbi. Minya tu, vumbi litamwagika, umemaliza. Hakikisha imetazama chini na haijapasuka wala kukauka. Halafu shika hosi kati ya filta na injini, zungusha bana, ile pete ya kuikazia, kwa vidole. Bana ikizunguka, mjadala wote wa filta hauna maana, kwa sababu hewa inaingia bila kuchujwa. Nikiambiwa nichague kati ya filta iliyopitiliza muda na bana iliyolegea, nachukua filta iliyopitiliza.

Kiashiria kikienda nyekundu au saa za kitabu zikitimia, badilisha ya nje. Futa kasha kwa kitambaa chenye unyevu huku ya ndani ikiwa bado mahali pake. Ile ya ndani, filta ya usalama, haipulizwi, haigongwi, haioshwi, na haivuliwi kwa kutazamwa. Inabadilishwa, kwa mashine nyingi kila ya nje ikibadilishwa mara ya tatu. Ukiikuta ya ndani imejaa vumbi, usifurahi kwamba imefanya kazi. Ya nje imekusaliti, tafuta sababu kwanza. Na ingiza kitambaa cheupe kwenye bomba lililo nyuma yake. Kikitoka na vumbi, injini imekwisha kulionja.

Kama mkono unawasha na kompresa ipo, nenda kwenye rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini. Huko ndiko kwa kupuliza, na huko ndiko wasikokwenda. Puliza kinyume na mwelekeo wa upepo wa feni, kwa upole mapezi yasilale, injini ikiwa imepoa. Mashine nyingi zina kipozeo cha oili ya haidroliki kimebandikwa mbele au juu ya rejeta, na uchafu unakaa katikati ya hivyo viwili. Kwa nje panang'aa, katikati kuna godoro la nyasi na vumbi lililoshikana na oili. Fungua bawaba, inua kipozeo, tazama. Nusu ya malalamiko ya "inachemsha mchana" yanaishia hapo, baada ya mtu kuwa ameshabadilisha thamostati bure.

Oili ya injini nitaipitia haraka, maana ugonjwa ni ule ule wa kuamini jicho. Oili ya injini ya dizeli inakuwa nyeusi mapema sana baada ya kubadilishwa. Ni masizi, na kazi ya oili ni kuyabeba. Weusi haukwambii ibadilishwe, na weupe haukwambii iache. Mita ya saa ndiyo inayosema: nyingi ni saa 250, baadhi ya injini mpya zinaruhusu 500, na mashine mpya kabisa mara nyingi inataka ya kwanza kwenye saa 50. Je, 250 ni namba takatifu? Sidhani. Saa moja ya kuunguruma bila kazi na saa moja ya kusukuma kifusi kwa nguvu zote zinaandikwa sawa kwenye mita, na hazifanani. Kama mashine yako inaonyesha jumla ya dizeli iliyochomwa, mimi naiamini hiyo kuliko saa. Dizeli yako ikiwa na salfa nyingi, oili inaelemewa na asidi mapema. Punguza saa bila kubishana na mtu.

Ukiweza kupeleka sampuli ya oili maabara, peleka. Silikoni ikipanda pamoja na chuma na aluminiamu, vumbi limepita na linasaga. Ila silikoni peke yake isikutie kichaa, hasa kama injini ilifunguliwa karibuni: gundi ya gasketi nayo ina silikoni. Nimeona filta nzima ikitupwa kwa kosa la gundi.

Grisi: kila siku ya kazi, pini za mikono ya mashine, ile inayoinua baketi, na za kile kibao cha kushikia baketi. Futa nipeli, kile kichuchu cha kuingizia grisi, kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani kwa bunduki. Pampu mpaka grisi safi ichungulie pembeni. Basi.

Cheni za kuendeshea tairi, kwa loda zenye cheni, zinaogelea kwenye oili yake ndani ya kasha, na kwa kuwa hakuna anayeziona hakuna anayezikumbuka. Pima kiwango cha oili, pima ulegevu kama kitabu kinavyosema. Oili ikiwa rangi ya maziwa, maji yameingia, na usiongezee juu yake. Mwaga, tafuta yalikopitia. Nati za tairi kaza mara kwa mara, hasa baada ya tairi kufunguliwa.

Haidroliki inanirudisha kwenye hasira yangu, maana nako uchafu unaingizwa na mikono yetu. Oili inapimwa mikono ya mashine ikiwa chini kabisa na baketi imelala. Ukipima mikono ikiwa juu, sehemu ya oili iko ndani ya silinda, utaona pungufu, utaongeza, na ukishusha mikono tangi litatapika. Vile viunganishi vya haraka vya kuchomekea nyundo au mashine ya kutoboa ndio mlango mkuu wa mchanga: opareta anachomoa hosi, anaidondosha chini, anaiokota, anaichomeka. Kitambaa kimoja mfukoni, futa dume na jike, kisha chomeka, na vifuniko vyake virudishwe kila kifaa kinapotolewa. Pampu na mota za mashine hizi zinaishi kwa mianya ya maikroni chache tu.

Ukitafuta mvujo, zima, funga nguzo ya kushikilia mikono ya mashine kabla hujaingiza kichwa chini yake, na usipapase hosi kwa kidole. Tumia kipande cha kadibodi. Oili inayotoka kwenye kitundu cha sindano kwa zaidi ya baa 200 inapenya ngozi, na jeraha linaonekana dogo, halitoi hata damu ya maana. Kidole kikipigwa hivyo, usisubiri kivimbe. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, umwambie daktari waziwazi kwamba ni oili iliyoingia kwa shinikizo, maana kwa kutazama tu atadhani umechomwa na mwiba.