Wakaazi wanaotetea miji yao: dhana potofu na ukweli

Husemwa barazani kwamba harakati za wakaazi wa mijini ni mambo ya Ulaya yasiyo na mizizi kwetu. Ukweli ni kwamba mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar ulio nje ya Mji Mkongwe, waliojenga nyumba zao za udongo na makuti juu ya viwanja vya watu wengine, waligoma kulipa kodi ya kiwanja. Ardhi ilikuwa ya tajiri, lakini kuta, milango na paa vilikuwa mali ya aliyevijenga. Uliberali mamboleo ambao harakati za leo huupinga, yaani sera za kuliachia soko nyumba, maji na ardhi ya mji, ulishika kasi miongo mingi baadaye, katika miaka ya 1980. Hata hivyo, suali la Ng'ambo ndilo linaloulizwa leo: nani apange bei ya kukaa mjini?

Dhana nyengine, ambayo naiona ina madhara zaidi, ni kwamba watu wa harakati hizi wanapinga maendeleo na silaha yao ni ghasia. Huko Durban, Abahlali baseMjondolo, jumuiya ya wakaazi wa vibanda iliyoanza mwaka 2005, ilikwenda Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, na mwaka 2009 mahakama ikabatilisha kifungu cha sheria ya jimbo kilichoruhusu wenye ardhi kulazimishwa kufungua kesi za kuwaondoa watu. Nchini Hispania, ambako aliyeshindwa kulipa mkopo aliweza kunyang'anywa nyumba na bado akadaiwa na benki, majirani walianza kujipanga mwaka 2009, wakawa wanafuatana na mwenzao benki kujadili deni, na baadaye kusimama mlangoni siku ya kuhamishwa kwake. Sioni ghasia hapo. Naona ujirani uliopangika.

Wengine hudhani kura ikishinda mambo yamekwisha. Mwaka 2021 zaidi ya wapigakura milioni 1 wa Berlin walitaka nyumba za kampuni zinazomiliki zaidi ya nyumba 3,000 ziwe mali ya umma, lakini kura hiyo haikuifunga serikali kisheria.

Na kwa vile ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, wapo wanaoamini kwamba hayo hayatuhusu. Sheria ya mwaka 1992 hutoa haki ya matumizi ya ardhi, na haki hiyo huweza kuhamishwa. Nyumba nazo huuzwa na kukodishwa, na ndani ya Mji Mkongwe nyingi zimegeuzwa hoteli. Mpangaji wa chumba Malindi au Shangani hushindana na bei anayolipa mgeni kwa usiku mmoja, hata kama ardhi anayoikalia si ya mtu binafsi.