Jicho la mtoto tumboni na uraka wa msimu wa korosho

Mabibo, yale matunda ya mkorosho yanayotengenezwa pombe ya uraka, yakianza kuiva, hapa Mtwara swali hili halikosekani kliniki ya macho: "Daktari, kikombe kimoja tu cha uraka kitamfanya nini mtoto aliye tumboni?" Jibu linaanzia kwenye retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Mimba ikikaribia wiki ya saba, wakati kina mama wengi hawajaanza hata kliniki, seli za retina huanza kuotesha nyuzi za neva. Jicho moja litahitaji takriban milioni moja, na kila uzi sharti utambae hadi kwenye tundu lilelile, utoke, uelekee ubongoni. Ncha yake hupapasa njia. Juu ya ncha hiyo kuna protini za kushikia, zikiwemo NCAM na L1: uzi hushika, hujivuta, huachia, hushika tena, kama mkwezi kwenye mnazi. Kuachia nako ni kazi. NCAM huvikwa minyororo ya sukari inayolegeza mshiko, kwa sababu uzi ulionata mno hausogei. L1 ya uzi huu hukamatana na L1 ya uzi jirani, basi zinakwenda kwa mafungu.

Mengi ya haya tumefunzwa na kuku. Pasua yai lililoatamiwa siku nne uone jicho jeusi lilivyo kubwa kwenye kiumbe kidogo vile! NCAM yenyewe iligunduliwa miaka ya 1970 na kundi la mwanasayansi Gerald Edelman huko New York, wakitumia retina ya vifaranga ambao hawajaanguliwa. Baadaye protini hizi zilipozibwa kwa kingamwili, nyuzi zilivurugika, nyingine zikapotea njia.

Sasa uraka. Maabara zimeonyesha kwamba pombe, hata kidogo, hudhoofisha mshiko wa L1 katika baadhi ya seli. Huenda si njia pekee ya madhara, lakini watoto wa mama waliokunywa sana wakiwa wajawazito huonekana mara nyingi na neva ya jicho, yaani lile fungu la nyuzi zinazokwenda ubongoni, iliyo nyembamba. Kiwango salama hakijulikani, kwa hiyo nasema: hata hicho kimoja, acha. (Wazee na uraka wao siwagusi leo.)

Mtoto ambaye macho yanachezacheza, au miezi mitatu imepita hafuatishi uso wa mama, aletwe mapema. Neva nyembamba haitibiki kwa miwani wala upasuaji, ila dalili hizohizo huweza kuwa za mtoto wa jicho, na huo tunautoa.